Kiwiko cha Eudomar

"Waambie mkono wangu ni mzima, Yuraima. Basi."

Eudomar alikuwa amejilaza kwenye chumba cha matibabu cha klabu yao ya besiboli, pale Barquisimeto, Venezuela. Ndiye mrushaji tegemeo wa timu. Yuraima, mchumba wake, ndiye mtaalamu wa viungo, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo klabuni. Alimbonyeza kiwiko, Eudomar akauma meno.

"Kano imeanza kuchanika. Ukirusha leo itakatika."

"Wamarekani wako jukwaani, wamekuja kuniangalia mimi. Wakinisajili tunaondoka wote."

"Siwezi kudanganya, mpenzi. Humu ndani wanasubiri nikosee mara moja tu."

"Kumbe kazi kwanza, mimi baadaye."

Alivaa jezi akatoka. Yuraima naye akajiandaa, akaenda kumweleza meneja, aliyeitwa kwa heshima don Lisandro. Mzee akamtazama kwa huruma.

"Binti yangu, Eudomar keshanipitia. Kasema alikuacha juzi, sasa unalipiza kisasi."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo maana sikutaka mwanamke huku. Nenda nyumbani."

Hakwenda. Alisimama kando ya benchi, akamwona Eudomar akirusha vizuri, tena vizuri sana, mpaka mpira ulipomdondokea miguuni na yeye akapiga magoti, ameshika kiwiko. Yuraima ndiye aliyefika wa kwanza.

Hospitalini, baada ya Eudomar kufanyiwa upasuaji, kwenye simu ya Yuraima ukaingia ujumbe wa meneja: "Kazi yako imeisha. Ulijua anaumwa, ukaendekeza ugomvi wenu badala ya kumtibu."

Akampa Eudomar simu.

"Soma. Halafu mpigie."

"Yura, nikisema ukweli watanitupa."

"Mpigie."

Alipiga.

"Don Lisandro, sikumwacha. Aliniambia itakatika. Nilidanganya ili nicheze."

Meneja akajibu kwa mkato.

"Mwambie arudi kesho. Wewe usirudi."

Eudomar akaiweka simu kifuani.

"Nimeshasema. Tusiachane, Yura. Sina kitu kingine."

"Ulijua neno gani litanimaliza mbele yao. Ukachagua hilohilo."

Yuraima alitoka, akalia kwenye korido, akiwa ameegemea ukuta, mpaka muuguzi akamletea kiti.

Asubuhi aliingia chumba cha matibabu. Hakuna aliyemsalimia. Baadaye mchezaji mmoja akajilaza kitandani, akamwachia bega bila kumtazama.

"Linauma wapi?" Yuraima akauliza.