Juala la Mafundo Mawili

Mimi ni mwalimu Jacinta. Mwaka wa 2004 nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Kitengela. Tena nilikuwa mwalimu wa usafi. Shikeni hilo la usafi, kwa sababu makosa nitakayosimulia ni yangu pia, na sitajificha.

Kengele ya mapumziko ikilia, watoto walikuwa wanakimbia mpaka kwa duka la Jeylani, kando ya lango la shule. Jeylani ni baba ya Istar, mwanafunzi wangu. Mke wake, Fadumo, alikuwa anakaanga viazi kwa karai. Jeylani alikuwa anavitia kwa juala dogo la nailoni, ananyunyiza chumvi na pilipili, kisha anafunga mafundo mawili, kaza kaza.

"Yangu haifunguki njiani," alikuwa anajisifu.

Kweli hayakufunguka. Watoto walirarua juala kwa meno, wakala viazi, wakatupa juala hapo hapo. Na upepo wa Kitengela mnaujua. Majuala yalipeperuka uwanja mzima mpaka yakanasa kwa ua wa miiba. Ijumaa tulizoa yaliyobaki, tukayatupa kwa shimo nyuma ya darasa la nane, tukawasha moto. Moshi ulikuwa mweusi na watoto walikohoa. Nusu ya taka haikuungua. Mimi nikaandika kwa kitabu: "Usafi umefanyika." Miaka mitatu niliandika hivyo, bila haya.

Fadumo alikuwa na mbuzi watano. Alikuja nao kutoka Garissa, na aliwapenda kuliko hilo duka. Mchana walizurura karibu na shule wakijitafutia. Mmoja aliitwa Adey, yaani mweupe kwa Kisomali, kwa sababu ya rangi yake. Adey ndiye aliyetoa maziwa ya Mustafe, mdogo wake Istar. Mustafe alikuwa hajafika miaka miwili, na tumbo lake lilikataa kabisa maziwa ya ng'ombe. Akipewa, anahara mpaka macho yanaingia ndani.

Mwaka huo mbuzi wakaanza kufa. Wa kwanza alivimba upande wa kushoto, akakataa kula, akakonda, akaanguka. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Kila mara Jeylani alichimba shimo akamzika mzima. Katika dini yao, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa haliwi. Na kama haliwi, wa kumpasua ni nani? Kwa hivyo hakuna mtu aliyejua kilichokuwa ndani ya matumbo yale.

Watu wasipojua, wanatafuta wa kulaumu. Jeylani hakwenda mbali. Jirani yake Wanjala, mtu wa Bungoma anayefanya kazi kwa kiwanda, alikuwa na shamba dogo la sukuma wiki. Siku moja mbuzi walikula sukuma yake, naye akasema kwa hasira, "Hawa mbuzi nitawafunza adabu." Basi neno hilo likashikwa.

"Wanjala ameweka sumu," Jeylani alimwambia kila mtu aliyekuja kununua sukari.

Ubaya ni kwamba Shirleen, binti ya Wanjala, alikaa dawati moja na Istar tangu darasa la tatu. Jumatatu moja Istar alibeba vitabu vyake akaenda kukaa nyuma peke yake.

"Kuna nini, Istar?" nikamuuliza.

"Baba amesema nisikae na yeye, mwalimu."

Shirleen aliinamisha kichwa akalia. Mimi nilisikitika, lakini nikaendelea na hesabu. Nilijiambia ni mambo ya wazazi.

Jumamosi iliyofuata mbuzi wa nne akafa. Nilikuwa dukani nanunua chumvi. Sasa alibaki Adey peke yake, na alikuwa na mimba. Jeylani alikuwa amevaa viatu tayari kwenda kwa chifu. Wanjala alikuwa amesimama mbele ya duka, mikono kiunoni.

"Twende kwa chifu," Wanjala akasema. "Mimi pia niko na maneno. Sukuma yangu ilikulwa na sikuweka sumu. Unanichafulia jina, baba Istar."

"Mbuzi wanne! Wamekufa wenyewe tu?"

Hapo ndipo alipofika Simel, afisa wa mifugo. Ni mtu wa Bissil, na siku hiyo alikuwa anapita kuchanja ng'ombe. Alisalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Hakuna aliyeitikia isipokuwa mimi. Akamtazama yule mbuzi aliyelala chini. Akabonyeza ubavu wa kushoto kwa vidole.

"Mmepasua wale wengine?" akauliza.

"Hatupasui," Jeylani akasema. "Kwetu huyu ni mzoga."

"Sisemi mumle, mzee. Nataka kuona tu. Ukimzika hivi, utamzika na huyu mweupe pia."

Jeylani akakataa. Simel akaanza kufunga mkoba wake. Fadumo alikuwa amesimama mlangoni na Mustafe mgongoni. Huyu mama haongei sana. Siku hiyo aliongea.

"Nimezika watatu, huyu ni wa nne, na sijui wamekufa na nini," akasema. "Mtoto wangu atakunywa nini? Pasua, daktari."

Simel alivaa glavu, akapasua. Ndani ya tumbo hakukuwa na majani. Kulikuwa na kitu kimoja kikubwa, kama ule mpira wa majuala ambao wavulana hujifungia wenyewe wakacheza. Akauvuta nje na kuanza kuufumua. Majuala meupe, ya bluu, ya mistari. Yalikuwa mengi kupita kiasi.

Kisha Jeylani akachutama. Akaokota juala moja dogo, limeraruliwa upande mmoja. Juu yake kulikuwa na mafundo mawili, bado yamekaza.

"Hii fundo ni yangu," akasema.

Akaokota lingine. Na lingine. Istar alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akaona yote.

"Plastiki haiyeyuki tumboni, na haitoki," Simel akaeleza. "Inajikunja na kuongezeka. Mbuzi anaona ameshiba, kumbe anakufa njaa."

"Lakini mbuzi ana akili," Fadumo akasema. "Kwa nini ale nailoni?"

"Kwa sababu ina chumvi na mafuta ya viazi. Kule kwenu ulikuwa unawapa chumvi ya kulamba?"

"Ndiyo. Tulipokuja mjini niliacha."

"Basi wamejitafutia. Mpe huyu magadi alambe. Mfungie nyumbani, umletee majani. Kama amekula kidogo, anaweza kuishi nayo. Akiendelea kula, atafuata wenzake." Simel akanigeukia mimi. "Mwalimu, hizi juala zinatoka uwanja wenu. Sina dawa ya hiyo. Dawa iko na nyinyi."

Niliona aibu, na nilistahili.

Jeylani alisimama akaenda mpaka pale Wanjala aliposimama. "Baba Shirleen, nimekukosea," akasema. "Nitaenda kwa kila mtu niliyemwambia, niseme ni mimi."

Wanjala alivuta pumzi. "Uende kweli," akasema. "Na ufunge mbuzi. Sukuma yangu bado iko na mizizi." Wakashikana mikono.

Jumatatu Istar alirudi dawati lake bila kuambiwa. Baada ya mapumziko niliwatoa darasa la sita wote uwanjani. "Leo hatuchomi kitu," nikawaambia. "Okoteni kila kilichotupwa asubuhi hii. Mtenge mafungu, kisha mnawe mikono."

Walihesabu majuala mia tatu themanini na sita. Hayo ni ya asubuhi moja tu. Fungu la pili lilikuwa pakiti za maziwa. La tatu maganda ya ndizi na machungwa. La nne chupa za plastiki. La tano kurasa za daftari, nyingi zimeandikwa upande mmoja tu.

Shirleen alizunguka yale mafungu. "Mwalimu, maganda ni chakula cha mbuzi. Hii karatasi bado inaandikika. Sasa taka ni gani?"

"Ni juala," Istar akajibu.

Mwalimu mkuu, Bwana Hiram, akaja na kiberiti. "Mwalimu Jacinta, tumechoma miaka yote."

"Na miaka yote imebaki, bwana mkuu. Na moshi tunaupumua sisi. Tupe muhula mmoja."

Akarudisha kiberiti mfukoni.

Tukaanza. Kila mtoto alete bakuli au mkebe wake wa viazi. Jeylani akakubali kuacha majuala. Maganda yakawekwa kwa ndoo yenye kifuniko, Istar akampelekea Adey kila jioni. Pakiti za maziwa tulizikata juu, tukaziosha, tukatoboa chini, tukapanda miche ya miti. Kurasa zenye upande mweupe tulizishona kwa uzi zikawa daftari za hesabu za haraka. Chupa tulikusanya kwa gunia mpaka mnunuzi wa plastiki kutoka Athi River alipopita. Majuala tukayafukia kwa lile shimo, tukalizungushia miiba pande zote, ili mbuzi wa mtu yeyote asiingie.

Msinifikirie kwamba ilikuwa rahisi. Watoto walisahau bakuli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kingine kinachouza viazi kwa juala, na wiki ya pili nusu ya shule ilihamia huko. Wavulana wa darasa la nane walimwita Istar "mama taka". Yeye alisimama langoni na gunia lake kila siku. "Weka hapa," alisema. Walicheka. "Cheka, lakini weka hapa." Wengine waliweka ili awaondokee.

Viazi vya Fadumo vililala kwa karai. Jioni moja Jeylani alinijia. "Mwalimu, nitarudisha juala. Nitafunga duka nikiendelea hivi."

Fadumo alikuwa anaosha vyombo. Akasema, "Mtoto akisahau bakuli, mpe sahani yetu. Akule hapa, aoshe, arudishe."

"Sahani zetu?"

"Sahani zetu. Na kwa sahani naweza kutia mchuzi wa ukwaju. Yule wa ng'ambo atatia mchuzi kwa juala?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kesho yake kulikuwa na sahani ishirini za bati kwa benchi, na beseni mbili za maji. Mtoto mmoja alionja ukwaju, akaita wenzake. Siku ya nne wale wavulana wa darasa la nane walikuwa kwa foleni, sahani mkononi, na Istar akiwatazama tu. Mwisho wa muhula darasa la sita lilihesabu tena. Majuala yalikuwa kumi na tisa.

Adey alitutia hofu wiki moja. Alivimba kidogo, akaacha majani. Fadumo alilala zizini siku mbili. Lakini akaanza kula tena, na mwezi wa nne akazaa beberu mweupe. Maziwa yakarudi. Mustafe alikunywa, akaota mashavu.

Yule beberu alikua akila majani karibu na shule, kwa kamba ndefu, pale pale mama yake alipozurura zamani. Alipopita mwaka mmoja na nusu, ikafika Idd ya kuchinja. Jeylani aliniita. Akaita na familia ya Wanjala, na Simel. Akamchinja beberu kama dini inavyotaka.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona kwa Idd yoyote. Alilitoa tumbo, akaliweka juu ya mabati mbele yetu sote, akampa Simel kisu.

"Pasua, daktari," akasema. "Nataka kuona tu."

Istar na Shirleen walisogea mbele wakishikana mikono. Simel akapasua. Akageuza kwa vidole, polepole, mpaka pembeni kabisa.

"Majani," akasema. "Majani na maganda ya machungwa."

Jeylani alikuwa bado ameinama. Alitafuta mwenyewe kwa muda mrefu, na hakupata fundo hata moja. Ndipo akanyooka, akamwambia mke wake alete sahani.