Blanketi la Friza

Mambo yaliharibika Jumatatu asubuhi. Baba Lawama alifungua friza la dukani, akapigwa na harufu kali. Maziwa yote yalikuwa yamekatika. Umeme ulikuwa umeisha kwenye mita, na aliununua Ijumaa tu!

"Wezi!" alifoka. "Watu wa umeme wezi, na serikali imelala fofofo!"

Mtaani walimwita Baba Lawama kwa sababu kila baya lililompata alilitafutia mkubwa wa kulibeba. Mvua ikinyesha, serikali. Isiponyesha, serikali. Tangu mkewe afariki, ulimi wake ulizidi makali. Duka lile la maziwa lilikuwa la mkewe, naye aliapa halitafungwa akiwa hai. Sasa wateja walikuwa wakimkimbia mmoja mmoja.

Alinunua umeme mwingine, friza likaanza kunguruma tena. Mchana alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme, lakini siku hiyo alibeba mkoba mpya.

"Shemeji, mbona uso kama umelamba ndimu?"

"Nimelamba maziwa yaliyochacha. Na wewe ulipotelea wapi?"

"Mafunzoni. Sasa ni mkaguzi wa nishati. Naingia kwenye jengo, natafuta umeme unapopotea, kisha namwonyesha mwenyewe namna ya kuuokoa. Serikali imenilipia ada, vifaa, hata nauli."

Baba Lawama alicheka kwa dharau. "Serikali ikulipie wewe? Basi leo jua limechomoza magharibi."

"Niache nikague hapa. Nikikosa kasoro, nitakufulia nguo mwezi mzima."

"Na ukiiona?"

"Utafunga mdomo mpaka jioni."

"Hilo gumu," alisema Baba Lawama. "Lakini haya, ingia."

Shemeji alisimama mbele ya friza. Lilikuwa limefunikwa blanketi zito, mbele na nyuma.

"Hili si blanketi la dada?"

"Ndilo. Nimelifunika friza ili baridi isitoroke." Sauti yake ilishuka. "Mwenzangu alinifunika hivyo hivyo nilipougua."

Shemeji hakucheka. Alimshika mkono, akauweka nyuma ya friza, chini ya blanketi. Palikuwa na joto kama paji la uso la mwenye homa.

"Friza hutoa joto ndani na kulitupa nje hapa nyuma," alieleza. "Ukilifunika, joto halina pa kwenda. Friza litahema usiku kucha, litakula umeme, na maziwa hayatapoa. Tena jiko la kuchemshia umeliweka ubavuni mwake! Unampepea mtu huku umemkokea moto miguuni?"

Kisha alibana karatasi kwenye mfuniko wa friza, akaivuta. Ikatoka bila ubishi.

"Mpira wa mfuniko umechoka. Ungekuwa mzima, karatasi ingekwama. Hapa ndipo baridi inapotorokea."

"Kwa hiyo mwizi wangu..."

"Unalala naye nyumba moja, shemeji."

Baba Lawama alifungua kinywa, akakumbuka sharti, akakifunga.

Walichomoa waya. Walilisogeza friza mbali na ukuta ili lipate hewa, wakahamishia jiko upande wa pili. Kesho yake walibadilisha mpira. Blanketi, Baba Lawama alilikunja taratibu, akaliweka kitandani kwake, mahali pake pa zamani.

Tangu hapo umeme uliokuwa ukiisha kwa siku chache ulidumu zaidi ya wiki mbili. Maziwa yalipoa mpaka meno yakauma. Wateja walirudi, wengine wakijifanya hawajawahi kuondoka.

Mwezi uliofuata, ofisa wa serikali aliita mkutano katika ukumbi wa ofisi yake. Alitangaza nafasi mpya za mafunzo. Alisema anayejua kusoma, kuandika na hesabu anaweza kuomba, na serikali italipa. Vijana wengi walijiandikisha. Shemeji alisimama mbele, akaeleza habari ya friza na karatasi.

Baba Lawama naye akainua mkono. Watu wakaguna: haya, yameanza.

"Mimi nasema ahsante," alisema. Ukumbi mzima ukashangaa. "Mmemsomesha shemeji yangu, na duka la mke wangu limepona. Lakini nina swali."

Alinyoosha kidole juu. Nje jua lilikuwa la utosi. Madirisha yote yalifunikwa mapazia mazito, na taa zote za ukumbi zilikuwa zinawaka.

Ofisa alitazama taa. Shemeji alitazama viatu vyake, akibana kicheko.

"Sisi mmetuletea mkaguzi," alisema Baba Lawama. "Nyinyi wenyewe atawakagua nani?"