Paswedi Anayo Winfrida

"Win, seva imegoma!"

"Oscar, uko wapi? Mjomba ameshafika."

"Niko kazini. Imegoma kabisa. Inasema tayari inafanya kazi, lakini ukurasa haufunguki."

Winfrida alitoka uani na simu mkononi, sauti yake juu. Nyumba yao ya Mafiga ilijaa watu. Mjomba Kasiani alishuka kutoka Mgeta, milimani, alfajiri juu ya lori la kabichi, amevaa koti lake la kanisani, kuja kupokea posa ya mpwa wake. Chakula kilikuwa kimefunikwa, wali, kuku na njegere, na kwa ukoo wao sahani haifunuliwi mpaka mshenga aseme neno. Watu walianza kumeza mate. Mshenga hakuonekana wala bwana mwenyewe.

"Leo Jumamosi, Oscar. Jumamosi ya posa yangu."

"Najua, mpenzi. Mzee Elia anazindua intaneti kafe yake leo, wageni wamejaa. Nikimaliza hili tu, mimi na mshenga hao tunakuja. Sasa nakuweka kwenye spika ili nichape kwa mikono miwili."

Ndivyo walivyofanya kazi siku zote. Oscar alijiita fundi mkuu kwa Mzee Elia, lakini hiyo Linux, programu inayoiendesha seva, aliiweka Winfrida, aliyeisoma kompyuta akaielewa. Yeye husoma amri kwenye simu, Oscar hurudia kila herufi kwa sauti kama mtoto wa chekechea, kisha anachapa. Mshahara alikula nani? Oscar. Na binti wa watu anafurahi, eti anamjenga mume! Mapenzi jamani, yana upofu wake.

"Umeme ulikatika leo?" aliuliza Winfrida.

"Asubuhi. Tanesco si unawajua."

"Basi ndiyo hiyo. Seva ikiwaka huandika alama kwamba iko hai. Ikizimwa vizuri, huifuta. Umeme ukikatika ghafla inakufa na alama inabaki. Ukiiwasha, inaikuta ile alama, inadhani yenyewe bado inafanya kazi. Inakataa kuanza."

"Kwa hiyo?"

"Tunaifuta alama, tunaiwasha upya. Andika su, tuingie kama wakubwa wa mashine. Ubonyeze enta."

"S, u. Enta. Inataka paswedi."

Winfrida alitabasamu peke yake pale uani. Paswedi ile aliiweka siku Oscar alipomshika mkono mbele ya mashine hiyohiyo akamwambia, "Wewe ndiye mke wangu, andika popote." Basi akaandika. Oscar hakuwahi kuuliza neno lenyewe. Ya nini, na kazi zilizolihitaji Winfrida alikwenda kuzichapa mwenyewe?

Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke ikaingia kwenye simu, laini, ya kudeka.

"Mchumba, bado tu? Kaka zangu wako Uingereza wanasubiri kuona picha. Baba anasema pete haivishwi mpaka ukurasa ufunguke."

Vigelegele vikafuata. Mzee Elia akacheka, "Rosa mwanangu, muache mkwe wangu afanye kazi!"

Oscar akakohoa. "Ee... fundi, upo? Tuendelee."

Fundi! Winfrida akashika nguzo ya kamba ya nguo. Mama yake, Editha, alikuwa mlangoni, ameshika kanga mpya ya kumfunika binti yake, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia.

"Kata simu, mwanangu," alisema.

"Hapana, mama."

Mjomba Kasiani naye akatoka, akasimama nyuma ya dada yake.

"Fundi yupo," alisema Winfrida. Sauti yake ilikuwa kavu. "Paswedi ni ndefu. Rudia kila herufi kwa sauti, usikosee. M."

"M."

"K."

"K."

"E. W. A. N. G. U."

"E, w, a, n, g..." Sauti ya Oscar ikafa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Rosa. "Amesema u."

"Andika, bwana!" Mzee Elia aling'aka. "Wageni wananiangalia!"

"U," alisema Oscar.

"W," aliendelea Winfrida. "I. N. F. R. I. D. A. Enta."

Oscar alirudia zote. Angefanyaje? Kila herufi ilimtoka kama jino linalong'olewa, na ukumbi mzima unasikiliza.

"Mke wangu Winfrida," Rosa aliunganisha polepole. "Winfrida ndiye nani, Oscar?"

Winfrida alibana simu mkononi. Mpaka hapo, msomaji wangu, bado alikuwa na tumaini. Alimsubiri Oscar aseme ukweli, hata nusu yake.

"Si huyu fundi," Oscar alijibu, akacheka kicheko cha kuazima. "Kuna msichana huwa ananisaidia. Alijipendekeza, nikamwachia. Unajua wasichana wa huko milimani."

Watu wakacheka ukumbini. Rosa naye akacheka.

"Masikini! Haya dada, tumalizie kazi yetu."

Editha alifunika uso kwa ile kanga mpya. Winfrida hakulia. Alisoma amri ya kufuta alama, akasoma ya kuiwasha seva. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Imefunguka! Mvishe, mvishe!"

Akakata simu.

"Umemmalizia kazi ya nini?" mama alifoka. "Ungemwacha aaibike!"

"Kazi yangu siiachi nusu."

Mjomba Kasiani alivua koti, akalikunja mkononi. "Funueni chakula," alisema. "Huyo aliyekuwa anakuja alishakufa siku nyingi, sisi tulikuwa hatujui."

Walikula. Winfrida alitafuna wali, mashangazi wakimwangalia kwa pembe za macho. Kesho Mgeta nzima ingejua, na huko aibu haina dawa.

Mchana simu yake ililia. Ujumbe: "Win umeme umekatika tena. Wazungu wanaoifadhili kafe wamefika. Nimechapa ile paswedi, Rosa amesimama kichwani kwangu ananuna. Nisaidie, inabadilishwaje? Tafadhali. Bado nakupenda."

Akamsomea mjomba. Mzee aliacha kunyonya mfupa.

"Ni vigumu kuibadilisha?"

"Amri ya neno moja tu, mjomba."

"Na yeye halijui?"

"Hakuna anachokijua."

Winfrida aliandika: "Mimi ni msichana wa milimani niliyejipendekeza. Sijui kitu. Umeme ukikatika, andika jina la mkeo."

Akazima simu. Ndipo alipolia, mbele ya wote, kwa sauti, mpaka mama yake akaja kumfunika ile kanga.