Ukibanwa Sema

Jumamosi ile sokoni hapakuwa na pa kutia mguu, na fundi simu mmoja alikuwa anajisokomeza kwenye kiatu cheusi kisicho saizi yake.

"Kinabana?" muuza viatu akauliza. Gauni la njano, kalamu nyuma ya sikio.

"Wala."

"Jasho linakutoka, kaka. Ukibanwa sema. Hapa hatugawi medali."

Jamaa akakinunua hivyohivyo. Kesho yake akarudi anachechemea, si kubadilisha kiatu, kuomba namba. Akapewa. Mwaka wa pili walishakuwa mke na mume, na muuza viatu yuko leba tangu alfajiri, uchungu unamkata kiuno kama msumeno butu.

"Mpenzi, waambie wanichome ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Kliniki walisema ipo. Nimebanwa, nasema."

"Naenda, kipenzi."

Akatoka, akarudi. "Dawa imeisha."

Basi akazaa hivyohivyo, uchungu wa saa tisa nzima, meno kwenye shuka. Mtoto wa kike, mzima.

Siku ya kumi akampeleka mtoto kliniki. Kwenye korido akakutana na daktari wa usingizi, mama mmoja wa miwani.

"Shujaa wangu," daktari akasema. "Mumeo aliniambia hutaki sindano, utajikaza."

"Mimi aliniambia imeisha."

"Ilikuwepo. Nilishaiandaa."

"Sasa mbona hukuniuliza mimi? Mgongo ulikuwa wa nani?"

Daktari akavua miwani. "Wako. Nilikosea, mama."

Jioni fundi simu akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Akapiga.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwa mama. Mpenzi wako ni yule aliyekataa sindano. Mtafute."

"Niliogopa. Watu wanasema inapoozesha. Halafu mama yangu kazaa sita bila..."

"Ungeniambia unaogopa. Umeniletea uongo nimeshika chuma cha kitanda!"

Akakata. Simu ikaita mara kumi na moja, akaiangalia tu inavyotetemeka mezani.

Asubuhi jamaa huyo mlangoni kwa mama mkwe. Kavaa vile viatu vyeusi, katembea mji mzima kwa miguu, soksi zimelowa damu.

"Nimekuja kuumia na mimi."

"Hicho ni kidole tu," mkewe akamwambia. "Usinitanie. Mpigie mama yako, weka sauti ya nje. Anawatangazia watu kwamba nilikataa sindano, wananisifia ujinga wako."

Akapiga.

"Mama, shikamoo. Mkweo hakukataa sindano. Aliomba. Nilikataa mimi, nikamdanganya. Nilisema mbona wewe umezaa sita, hukuomba chochote."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Nani alikwambia sikuomba?" mama mtu akasema. "Niliomba mara zote sita. Baba yako alikuwa anasema nijikaze. Mpaka tunamzika, sikuwa nimemsamehe."

Fundi simu akaketi pale pale kizingitini. Muuza viatu akamtazama, mtoto ndani ameanza kulia.

"Vua hivyo viatu, uingie umbebe mwanao," akasema. "Kulala utalala kwako. Nikikusamehe, nitasema."