Ndimu Juu ya Marumaru

Kila alasiri akisharudi kutoka madrasa, Sadaf alikuwa na kazi moja isiyomkosa: kukata ndimu. Mama yake, Bi Mahjabeen, alikuwa bingwa wa achari, na mtaa mzima wa Kuze uliijua achari yake. Ndimu zikatwe mapande manne yasiachane chini, zishindiliwe chumvi, zianikwe juani, kisha ndipo zitiwe pilipili na viungo. Vidole vya Sadaf vilinuka ndimu hata siku ya Idi.

Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukulala. Mbona chumvi huifanya ndimu itoe maji? Mbona kuta za nyumba yao zina vipande vya makombe ndani? Mama alimjibu aliyoyajua, na yaliyomshinda alisema, "Hayo kamuulize mwalimu wako. Mimi niachie achari yangu."

Siku hizo Mama alikuwa na furaha isiyofichika. Alikuwa amepata chumba kidogo kule Bondeni, afungue duka la achari na maji ya ndimu. Rafu zilikuwa tayari, ukuta umepakwa rangi. Kilichobaki ni kaunta, na kaunta aliitaka ya jiwe.

"Hodi wenyewe!" Jioni moja Kazungu, fundi wa mawe, aliingia amekumbatia vipande viwili. Kimoja kilikuwa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, laini, ya kung'aa. Cha pili kilikuwa itale nyeusi yenye chembe za kumetameta, lile jiwe ambalo mafundi wengi huliita graniti.

"Vitazame kwa nafasi, Mama Sadaf," alisema. "Keshokutwa nitakuja unipe jibu. Ila nikishakata, hakuna kurudisha."

Mama aliipapasa marumaru kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga. Ilionekana wazi moyo wake umeangukia wapi. Kazungu alipoondoka, aliviweka vipande vyote viwili juu ya kabati la jikoni, akageuka. "Sadaf, hii ni amana ya watu. Nakujua wewe. Visiguswe."

"Ndiyo, Mama," alisema Sadaf, na wakati ule alimaanisha.

Asubuhi iliyofuata shuleni, Mwalimu Dama wa sayansi aliingia darasani na mfuko wa mawe. "Leo tunalinganisha miamba ya aina mbili," alisema. "Miamba moto, na miamba geu."

Aliwaeleza kwamba mbali chini ya ardhi kuna joto kali hata mawe huyeyuka yakawa kama uji. Uji huo ukipoa polepole humo chini, hupatikana itale, jiwe gumu lenye chembe kubwa zilizong'ang'aniana. Ukilipuka nje na kupoa haraka, hupatikana mawe meusi ya kusagia, au lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo watu husugulia visigino. Alilitumbukiza jiwe hilo la visigino kwenye beseni la maji. Likaelea! Darasa zima lilipiga kelele.

"Miamba geu haikuyeyuka," aliendelea Mwalimu Dama. "Hiyo ilikuwa mawe ya aina nyingine, ikabanwa na kupikwa ndani ya ardhi miaka mingi mno hadi ikageuka. Marumaru, kwa mfano, ilikuwa jiwe la chokaa. Ni jamaa ya matumbawe haya yaliyojengea kuta zenu za Mji wa Kale."

Alidondosha siki juu ya kipande cha tumbawe. Siki ikatoa povu, ikichemka bila moto. Sadaf alinyoosha mkono mpaka akakaribia kusimama juu ya dawati.

"Mwalimu, na marumaru je? Kwa kuwa imegeuka, bado hutoa povu?"

Kengele ilikuwa imeshalia. "Swali zuri sana," Mwalimu Dama alicheka. "Tutajaribu wiki ijayo."

Wiki ijayo! Kumwambia Sadaf angoje wiki ijayo ni kumwambia paka angoje samaki apoe.

Alasiri hiyo Mama alikuwa kwa jirani. Sadaf alikaa mbele ya kapu la ndimu, kisu mkononi, macho juu ya kabati. Tone moja tu, alijiambia. Tone litalifanya nini jiwe? Alikishusha kipande cha marumaru kwa mikono miwili, akakamua ndimu juu yake, akainamisha uso karibu sana.

Viputo vidogo vilianza kupanda, vidogo kama vichwa vya sindano. "Bado ni chokaa!" alinong'ona, na furaha ikamjaa kifua kizima. Akakata ndimu nyingine, akakamua zaidi. Hapo tena alisahau neno amana.

Alipofuta kwa kitambaa, furaha ilimtoka. Palipokaa maji ya ndimu pamebaki doa lililofifia, halina ung'avu hata chembe. Alifuta tena. Doa lilikuwa pale pale. Akakimbia bafuni, akaleta jiwe la kusugulia visigino, akasugua kwa nguvu. Jiwe lile jepesi, la kuelea majini, likaikwaruza marumaru mistari kama makucha ya paka. Dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Kusikia viatu vya Mama mlangoni, alikirudisha kipande juu ya kabati, kifudifudi. Usiku alikula wali wake bila kuuliza swali hata moja, mpaka Mama akamshika paji la uso aone kama ana homa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kazungu alikuja siku ya pili yake kama alivyoahidi.

"Nimekata shauri, fundi," alisema Mama kwa uso mkunjufu. "Nataka nyeupe." Akakishusha kipande, akakigeuza. Kisha alisema kwa sauti baridi, "Kazungu, jiwe gani hili umeniletea? Lina doa, limechubuka. Au ulidhani mimi mwanamke sitatambua?"

Kazungu alikitazama kipande, akapigwa na butwaa. "Mama Sadaf, nililileta hapa zima. Mimi sina tabia ya kuuza jiwe bovu."

"Basi lilijichubua lenyewe? Nilisikia unasifiwa uaminifu. Pengine watu walikusifu mapema."

Fundi aliinamisha kichwa. Alianza kuvifunga vipande vyake kwenye gunia, polepole, kama mtu aliyechoka ghafla.

Sadaf alikuwa amesimama mlangoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini alimwona fundi yule anavyofunga gunia, na aibu ikamuuma kuliko ndimu kwenye kidonda.

"Si yeye, Mama," alisema. "Ni mimi. Nilikikamulia ndimu kipande hicho. Kisha nikasugua kwa jiwe la visigino, nikakiharibu zaidi. Mjomba Kazungu, nisamehe."

Mama aligeuka, uso umewaka. "Sadaf! Amana ya watu!"

"Najua, Mama. Nipe adhabu yoyote. Lakini marumaru usiichukue!" Machozi yalimtoka, naye akaendelea kusema humo humo kwenye machozi. "Duka lako ni la achari na maji ya ndimu. Doa hili limetokea kwa ndimu mbili tu. Kaunta yako itakuwaje?"

Mama akatazama kapu la ndimu, akatazama kipande cheupe. Kisha alichukua ndimu, akaikata, akakamua nusu juu ya marumaru na nusu juu ya itale. Wote watatu wakainama. Kwenye marumaru viputo vikaanza. Kwenye itale, maji yalitulia tu. Walipofuta baadaye, itale iling'aa kama mwanzo.

"Marumaru ina chokaa, na chokaa huliwa na ukali wa ndimu," alieleza Sadaf akijifuta pua. "Itale haina chokaa, na chembe zake ni ngumu, hata kisu hakiwezi kuikwaruza."

"Haya! Mimi hukata mawe, sikamui ndimu," alisema Kazungu, tabasamu likimrudia. "Sasa nitawauliza wateja wangu watapika nini. Lakini msiidharau marumaru. Ulaini wake ndio unaoniwezesha kuichonga maua na majina, na ubaridi wake ni mzuri kwa kusukumia chapati."

"Basi kaunta iwe ya itale," alisema Mama. "Na jina la duka lichongwe kwenye marumaru, juu ya mlango, ndimu zisikofika." Kisha akasimama mbele ya fundi. "Nimekukosea, Kazungu. Nilikutukana nyumbani mwangu. Naomba radhi."

"Yamekwisha, Mama Sadaf."

Adhabu haikukosekana. Jumamosi Sadaf alipelekwa kwenye karakana ya Kazungu, akapewa msasa na ndoo ya maji, akaambiwa asugue kipande kile mpaka king'ae. Alisugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi. Mabega yalimuuma, vidole vikakunjamana kwa maji. Adhuhuri Mama alipokuja kumchukua, doa lilikuwa limetoweka na uso wa marumaru umelainika tena.

"Mama, ung'avu umerudi kama zamani!" alisema Sadaf. "Kwa hiyo nimesamehewa?"

Mama aliketi kando yake, akaishika mikono ile iliyochoka.

"Kuuliza sikukatazi, mwanangu, na kujaribu pia. Ila cha mtu hujaribiwa kwa idhini ya mwenyewe. Na ukikosea, sema upesi. Doa la jiwe umelisugua nusu siku, limetoka. Lakini ungenyamaza, Kazungu angetoka kwangu akiitwa mwongo, na mtaa mzima ungesikia. Niambie, jina la mtu likishachafuka, husuguliwa kwa msasa gani?"

Sadaf alifikiri. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameulizwa swali ambalo hakutaka kabisa kulijaribu.