Mfereji wa Bartholomeo

Kila kiangazi Severina aliteremka bondeni na jembe begani. Huko, chini ya Tosamaganga, karibu na Ruaha Mdogo, alikuwa na kinyungu, yaani shamba la bondeni linalolimwa wakati mlimani kumekauka. Mahindi na maharage ya kinyungu ndiyo yaliyowalisha watoto wake mpaka mavuno makubwa.

Mwaka wa 1954 jembe liligonga udongo likarudi. Severina akaketi chini akalia. Hakuwa na shamba jingine la kiangazi.

Kosa lilikuwa la mumewe, Bartholomeo. Alipofanya kazi kwenye chai Mufindi, aliona mifereji iliyonyooka ikitoa maji mlimani. Akarudi na ujuzi wake, kichwa juu. Akafyeka matete yote, akachimba mfereji kutoka bondeni moja kwa moja hadi mtoni, maji yasizamishe maharage. Mwaka wa kwanza walivuna vizuri, naye akajisifu kilabuni. Sasa mfereji umekuwa korongo linalobeba udongo na kukausha bonde, na fundi mwenyewe amekwenda kukata mkonge Tanga. Mchuma janga hula na wa kwao.

Muhidini, muuza chumvi, mzaliwa wa Rufiji, alimkuta pale, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Mama Yotamu. Unamlilia nani?"

"Shamba, Baba Mwanakhamisi. Limekufa."

Muhidini alishuka korongoni, akatazama. Alieleza kwamba kwao, maji ya Ruaha yanakoingia baharini, kuna majani yanayoota kwenye maji ya chumvi. Bahari ikijaa, maji hupenya polepole kati ya majani, hutulia, huacha tope. Tope hilo ndilo linaloinua ardhi. Kuna watu waliwahi kuyazuia maji kwa tuta. Tope halikuja tena, ardhi ikadidimia, majani yakafa.

"Maji yenye haraka hayaachi kitu," alisema. "Yanabeba tu. Udongo wako, mama, umeshafika kwetu."

"Utarudi?"

"Ule hautarudi. Mwingine utakuja, ukiyapa maji mahali pa kupumzika."

Kuziba korongo ni kazi ya watu wengi, na watu huitwa kwa pombe. Ulezi uliobaki kihengeni ulikuwa wa uji wa watoto. Severina aliutazama asubuhi nzima, kisha akaupika pombe. Majirani wakaja. Wakapigilia miti kukatiza korongo, wakashindilia mawe na nyasi, wakapanda matete upya kandokando.

Njaa ikaingia nyumbani. Watoto walikula majani ya maboga bila chumvi. Bartholomeo hakutuma hata salamu. Severina aliamini anawaua wanawe kwa mkono wake.

Masika yakaja. Maji mekundu yaligonga miti, yakapunguza mwendo, yakatanda bondeni. Yalipokauka yaliacha tope jembamba kama ukoko wa ugali.

"Tupande?" mwanawe Yotamu aliuliza.

"Bado kidogo."

Kiangazi jembe liliingia, lakini mahali padogo tu. Severina alipanda hapo mstari mmoja wa maharage. Yalipoota aliwaita watoto wake waje waone, akawaambia wasikanyage.