Nyumba ya Cansilde

Asubuhi hiyo Petite Barrière, kizuizi cha mpaka wa Congo, ilifurika watu: wanawake wenye mikungu ya ndizi vichwani, wabeba mizigo, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Bahizi, seremala wa mtaa wa Nengo, alikuwa anarudi kutoka Goma, upande wa Congo, na mbao mbili begani. Aligeuka kumsalimu mtu, ncha ya mbao ikaligonga bomba la ramani alilobeba msichana mmoja, likabingirika hadi miguuni mwa polisi.

"Pardon, madamu."

Msichana hata hakulitazama bomba lake. Aliishika ile mbao, akaigonga kwa kidole, kisha akainusa. Alivaa sketi ya kitenge cha kijani na mabuti ya kazini yenye tope, mavazi ambayo Bahizi hakuwahi kuyaona pamoja.

"Mbichi," alisema.

"Iko kavu. We ni nani, unanusa mbao ya watu mu barrière?"

"Msanifu majengo. Na imetoka msitu gani?"

"Congo iko kubwa, mademoiselle. Musitu haikuniambia jina."

Msichana alicheka, na Bahizi akasahau uzito wa mbao.

Aliitwa Mutesi, amekulia Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka kiasi cha kumtia Bahizi haya. Alikuwa anatafuta fundi wa kujenga nyumba kumi na mbili za mikaratusi na mianzi ya kupandwa, bila kugusa mti hata mmoja wa msitu wa asili.

"Zinajengwa kilimani Cyanzarwe," alisema, "kwa wale jamaa waliotolewa msituni. Mpaka leo wanalala chini ya maturubai."

Bahizi alikulia chini ya turubai mojawapo. Alitaka kusema, lakini akauliza tu kazi inaanza lini. Alikuwa na miaka kumi alipomwona muuza chai akikivunja kikombe alichonywea mama yake, ili mteja mwingine asikitumie. Tangu ahamie mjini alijifunza kuvaa, kuongea na kucheka kama watu wa Nengo, na hakuna aliyemuuliza habari za kwao. Wa kwanza kumuuliza alikuwa Mutesi, jioni moja ya mapenzi yao mapya, wakila sambaza, dagaa wa ziwani, ufukweni.

"Wazazi wako wako wapi, mpenzi?"

"Walikufa. Zamani."

Mutesi aliacha kula. Mama yake mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alimshika mkono akalia kwa ajili ya wote wawili, na Bahizi, mwoga wa kutupwa, akayaacha machozi yale yaende bure. Alimpenda. Aliamini kwamba Mutesi akiujua ukweli atamwacha, na kila wiki iliyopita iliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kuutoa.

Walijenga miezi mitatu. Kule kilimani Bahizi alimsalimu mama yake kama fundi anavyomsalimu mwanamke yeyote, na mama akamwitikia hivyohivyo. Ni mama mwenyewe aliyewaomba majirani wafunge midomo. Jumapili tu, Mutesi akiwa hayupo, ndipo mwana alipokwenda kula kwao. Kwenye simu alikuwa amemwandika kwa jina tupu, asije mtu akaliona neno "Mama".

Ndilo jina Mutesi alilolikuta siku aliyoishika simu ile karakanani.

"Cansilde ni nani?"

"Mutu wa kazi."

"Mtu wa kazi anakuandikia 'nimekuwekea chakula, usichelewe'?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Bahizi kuliko kelele. "Kila Jumapili unaniambia uko Goma. Una mke, Bahizi?"

Angesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Akaona heri aitwe mzinzi.

"Chérie, mi naomba muda."

"Chukua wote. Nyumba ya kwanza inakabidhiwa Ijumaa. Umalizie kazi, kisha kila mtu ashike njia yake."

Ijumaa Mutesi alipanda kilima amevaa suruali nyeusi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Wageni wa shirika lililogharamia nyumba walikuwa wamekaa kwenye viti. Nyumba yenyewe ilipendeza: kuta za mianzi, paa la vigae, harufu ya mkaratusi uliorandwa jana. Msoma orodha akaita jina la kwanza.

"Mukashyaka Cansilde."

Bahizi alimwona Mutesi akigeuka haraka kumtafuta mwanamke wa kumchukia. Aliyesimama alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, miguu mitupu, mikono imekaukiwa na udongo wa vyungu. Alifika mlangoni, akachungulia, akarudi nyuma.

"Siingii," alisema. "Hii nyumba haina mafiga."

Mutesi akamwendea, amechanganyikiwa lakini kwa heshima. "Mama, jiko liko nje. Ukiwasha moto ndani, mbao zitaungua."

"Bila moshi, wadudu watakula hii miti yako miaka mbili tu. Kule musituni nyumba inashikwa na moshi. Na vyungu vyangu nitakausha wapi mvua ikinyesha?"

Mgeni mmoja akacheka. "Hawa watu bwana, hata uwajengee hoteli watataka kurudi porini."

Wenzake wakacheka naye. Cansilde akainamisha kichwa, wala hakumtazama mwanawe. Alikuwa bado anamficha. Bahizi hakuweza kuvumilia tena.

"Yeye iko na haki," alisema. "Mi najua, sababu nilizaliwa mu ile moshi. Huyu ni mama yangu. Alinizaa, akanilea, na mi nilisema alikufa."

Mutesi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Pua ilikuwa ileile, na paji la uso lilelile.

"Ulikubali nikuite mzinzi," alisema, "kuliko nimjue huyu?"

"Niliogopa utaniacha."

"Kwa sababu ni wa huku? Ulinionaje, Bahizi?" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nilimlilia mama yako. Wangu yuko kaburini kweli, siwezi kumpigia hata nikitaka. Wa kwako anakuwekea chakula kila Jumapili, nawe ukamzika."

Bahizi akapiga magoti kwenye tope mbele ya mama yake. Cansilde akamshika kichwa. "Simama. Suruali inachafuka."

Mutesi akafuta uso. Aliwaambia wageni kuwa nyumba haikabidhiwi leo, kosa ni la ramani. Kisha akamwomba Cansilde aingie naye, amwonyeshe moto ukae wapi na moshi utokee wapi. Wakazunguka mle ndani nusu saa, mmoja akieleza, mwingine akichora, Bahizi akiwashikia futi.

"Bado nimekukasirikia," Mutesi alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. "Nitakukasirikia muda mrefu."

"Naelewa."

"Ila baba yangu anajua kuna kijana anakuja kuposa. Uliniambia kwa kuwa wewe ni yatima, utachukua wazee wa Nengo wakusemee." Akamgeukia Cansilde. "Akija nao peke yao, mlango haufunguliwi. Nataka wewe ndiye ukae mbele, mama."

Cansilde aliitazama mikono yake yenye udongo, kisha miguu yake.

"Mi nitavaa nini?" aliuliza.